Mrejesho: tulimpeleka mama Lamu

Habari zenu. Mimi ndiye niliyeuliza nimpeleke wapi mama, anayesumbuliwa na magoti, akakimbie baridi ya Julai hapa Nairobi bila kukutana na pilkapilka za Mombasa. Wengi mlisema Lamu, na Lamu tulienda. Asanteni sana.

Aliyenishauri tuachane na basi tupande ndege pale Wilson, Mungu akuzidishie. Ukishuka Manda, kisiwa cha jirani chenye uwanja wa ndege, ni kuvuka kwa boti tu, mabegi yanamalizia kwa mkokoteni. Ngazi za gatini zilimpa mama shida kidogo, ila mabaharia walimshika mkono wakimwita bibi, akalainika.

Kulala Mji wa Kale badala ya kijiji cha Shela kilicho ufukweni, hapo mlipatia nusu. Chakula kiko karibu, Ngome iko hatua chache, na zile baraza za nje ya nyumba zilimfaa mno: kila tukikata kona anaketi, anasalimiwa, anapiga soga. Lakini ngazi za kupanda darini ni nyembamba na zimesimama wima. Chumba cha chini kiombeni mapema. Na punda akianza kulia saa kumi alfajiri, mtaa mzima umeamka.

Kilichogoma ni safari ya boti kwenda kisiwa cha Kiwayu. Upepo wa kusi ulikuwa umechachamaa. Nahodha akaitazama bahari, akakataa katakata, na amana akaturudishia. Tukaishia ufukwe wa Shela, mchanga ukipeperuka, mama kajifunika mtandio hadi puani. Anayetaka bahari tulivu asubiri upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi hivi.