Kumpeleka mama Washington tarehe 20 Januari, Obama akiapishwa: naomba ushauri

Kutoka Columbus, Ohio. Jumanne, 9 Desemba 2008

Ndugu zangu, salaam.

Mama yangu amefika wiki iliyopita kutoka Mwanza kuja kumwona mjukuu. Ana miaka 67. Anatembea vizuri, ila goti la kushoto linamsumbua akisimama kwa muda mrefu. Kitu cha kwanza alichokitoa begini ni ile kanga yenye picha ya Obama, iliyoandikwa "Upendo na amani ametujalia Mungu". Akaikunjua mbele ya mke wangu na kusema, "Hii nimekuja nayo niivae siku anayoapishwa." Sikuwa nimemwahidi chochote, lakini kwa jinsi alivyoikunja tena taratibu na kuiweka chini ya mto, nimeamua lazima aende.

Naomba mnisaidie mlio huko. Tiketi zinapatikana wapi? Mtandaoni naona zinatangazwa kwa mamia ya dola. Hoteli nilizopigia zinataka nilipie usiku nne hata nikilala mmoja. Na mgeni mwenye viza ya matembezi anaruhusiwa kuhudhuria, au ni ya raia peke yao?

Kutoka Silver Spring, Maryland. Jumatano, 10 Desemba 2008

Kaka, kwanza mfikishie mama shikamoo yangu na umwambie karibu sana Marekani.

Usinunue tiketi kwa mtu yeyote. Tiketi za kuapishwa ni kama 240,000 na zote ni za bure. Zinagawiwa na wabunge na maseneta kwa watu wa majimbo yao. Piga simu leo ofisi ya mbunge wa eneo lako na za maseneta wenu wawili wa Ohio, uandikishe jina. Wengi wanapiga kura ya bahati kwa sababu maombi ni mengi mno. Ukibahatika utakwenda kuichukua mwenyewe, na kitambulisho mkononi. Anayekuambia anayo ya kukuuzia leo hii, hana.

Ukikosa pia usivunjike moyo. Safari hii uwanja wote wa National Mall utakuwa wazi kwa watu, kuanzia nyuma ya wenye tiketi hadi Lincoln Memorial, na kutakuwa na skrini kubwa. Huko haiulizwi tiketi wala uraia. Mama abebe nakala ya pasipoti mfukoni, ya asili ibaki nyumbani.

Hoteli achana nayo, mtalala kwangu. Sebuleni kuna kochi la kukunjua, na treni ya Metro ni mwendo wa dakika 10 kwa miguu. Njooni Jumamosi, msiendeshe usiku wa kuamkia siku yenyewe. Kutoka Columbus ni mwendo wa saa 7 kama barabara haina theluji.

Neno moja kuhusu baridi, na hili naomba usilipuuze kwa kuwa mnaishi Ohio. Baridi ya kutoka kwenye gari kuingia dukani siyo baridi ya kusimama mahali pamoja kwa muda wa saa 6. Hiyo inapandia miguuni. Je, mama ana buti? Ana koti refu linalofika chini ya magoti? Kama hana, usinunue bado. Nitauliza humu.

Kutoka Baltimore, Maryland. Jumanne, 13 Januari 2009

Wapendwa, naongeza machache.

Jumamosi tarehe 17 Obama anatoka Philadelphia kwa treni, anapita Wilmington kumchukua Biden, makamu wake, kisha anasimama hapa kwetu Baltimore kuhutubia, mbele ya ukumbi wa jiji. Jumapili tarehe 18 kuna tamasha la bure kwenye ngazi za Lincoln Memorial. Kama goti la mama litakataa Jumanne, moja ya siku hizo itamtosha, na hatakuwa amekosa.

Madaraja ya kutoka Virginia yatafungwa kwa magari binafsi siku ya Jumanne, kwa hiyo wenye ndugu upande ule wajipange mapema.

La mwisho linaniuma. Zile dansi za kusherehekea kuapishwa usiku wa tarehe 20: za kamati rasmi ni 10 tu, na tiketi zake zina wenyewe. Nyingine zote ni za watu binafsi. Mimi na shemeji yangu tulilipa dola 150 kila mmoja kwa "dansi ya Waafrika". Leo mwandaaji hapokei simu, na ukumbi tulioambiwa unasema haujakodishwa kwa mtu yeyote usiku ule. Kabla hujatoa hela, piga simu ukumbini, siyo kwa mwandaaji. Sisi tumeshachelewa, ninyi mna wiki nzima.

Koti la mama lipo. Mke wangu analo la kijivu, refu, lenye kofia. Nitalileta Silver Spring Ijumaa.

Kutoka Alexandria, Virginia. Jumatano, 21 Januari 2009

Mimi nilikuwa na tiketi halali, ya rangi ya zambarau, yaani ya kusimama, niliyoifuata mwenyewe Jumatatu. Sikuingia. Tulielekezwa kwenye handaki la Third Street, maelfu kwa maelfu, tukasimama humo gizani tangu kabla ya mapambazuko. Hapakuwa na askari wa kutuambia foleni inaelekea wapi. Saa 6 ilipofika bado tulikuwa nje ya geti lililofungwa, tukisikiliza kiapo kwenye redio ndogo ya kijana mmoja. Watu wazima walilia. Nimeihifadhi tiketi, lakini kama kuna mtu atakwenda miaka minne ijayo, nasema hivi: ukipewa tiketi ya kusimama, afadhali ukasimame nyuma na umati.

Kutoka Silver Spring, Maryland. Alhamisi, 22 Januari 2009

Dada wa Alexandria, pole sana. Nilikuwa nikikufikiria siku nzima, nikijua uko mbele huko karibu na Capitol, jengo la Bunge, anakoapia rais.

Walioniuliza habari za mama wa Mwanza, alifika na alirudi salama. Naandika kwa kirefu ili iwafae watakaokuja kufanya safari kama hii na mzazi.

Jumapili tulimpeleka kwenye tamasha kama majaribio. Alisimama kwa muda wa saa 3 na goti likavimba kidogo. Usiku ule kaka, mwanawe wa Columbus, alitaka kuahirisha ya Jumanne. Mama akasema, "Goti ni langu, na uamuzi ni wangu." Basi Jumatatu hatukwenda popote, alilala na mto chini ya goti.

Jumanne tuliamka saa 9 usiku. Metro ilifungua saa 10 alfajiri na tulipofika kituoni saa 10 na nusu foleni ilikuwa inashukia barabarani, watu wakiimba. Hatukwenda hadi vituo vya katikati. Tulishuka Farragut North, tukateremka taratibu na barabara ya 18 hadi Mall, tukaweka kambi kwenye mteremko karibu na mnara wa Washington. Hapo Capitol iko mbali, zaidi ya kilomita 2, na kuba lake unaliona dogo kama kikombe. Lakini ardhi imeinuka, skrini inaonekana, na njia ya kutokea iko nyuma yako. Hilo la mwisho ndilo lililotuokoa baadaye. Gwaride la rais baada ya kuapishwa linapita Pennsylvania Avenue na kuukata mji vipande viwili, kwa hiyo waliokaa katikati ya Mall wakitaka kurudi kaskazini walilazimika kuzunguka mji wakiwa wamechoka.

Tulibeba kigoda cha kukunja, chupa ya chai ya tangawizi, maandazi, na kadibodi ya boksi la nepi za mjukuu. Kadibodi ile ilikuwa na thamani kuliko vyote. Nilimwekea mama chini ya miguu ikiwa imekunjwa mara mbili, na baridi ya ardhi ikakoma kupanda. (Wenye tiketi na waliokwenda kwenye gwaride wasingeweza: kule mikoba mikubwa, chupa za chai na miamvuli vilikatazwa.)

Kosa nililifanya mimi. Nilimvisha jozi tatu za soksi, nikadhani ndiyo mapenzi. Kabla ya saa 1 asubuhi akaniambia vidole havisikii kitu. Mama mmoja Mmarekani mweusi, aliyekuja kwa basi kutoka Georgia na kanisa lake, akachuchumaa mbele yetu bila kuulizwa, akafungua kamba za buti na kuondoa soksi jozi moja. Akasema damu ilikuwa haipiti kwa kubanwa. Buti lazima liwe na nafasi ya hewa. Akachukua vifuko viwili vya kupashia joto mikono, akavitia juu ya vidole, akafunga kamba nusu. Ndani ya robo saa vidole vilirudi. Walishikana mikono muda mrefu, na hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa "asante" ambayo yule mama aliijifunza palepale.

Simu hazikufaa kitu. Kampuni zenyewe zilikuwa zimewaomba watu watume ujumbe mfupi badala ya kupiga, na hata huo ulikwama. Kaka alikwenda chooni saa 3 asubuhi akakaa dakika 50. Nisingejua la kufanya kama tusingekuwa tumepatana tangu nyumbani kwamba anayepotea aende kona ya barabara ya 17 na Constitution, asitutafute. Chooni nendeni kabla ya saa 2. Baada ya hapo hata ukiuona mlango, huufikii.

Wakati wa kiapo joto lilikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri. Wanasema tulikuwa watu milioni 1.8. Mimi nilichokijua ni kwamba Aretha Franklin alipoimba, mama alikuwa ameketi kwenye kigoda akiwa amefunikwa na migongo ya watu, na waliokuwa mbele yetu wakasogea kushoto na kulia ili aione skrini. Hakuna aliyewaomba. Saa 6 kamili ikapita wapiga vyombo wakiwa bado wanapiga, na kwa katiba yao Obama alikwisha kuwa rais dakika ile, kabla hajainua mkono. Jaji Mkuu Roberts alipochanganya maneno ya kiapo, mama alinivuta mkono: "Wamekosea?" Nikamwambia ni neno tu limehama. Jana jioni wakakirudia Ikulu kwa usalama, nikampigia simu kumwambia alikuwa sahihi.

Hotuba nilimtafsiria sikioni, kupitia boshori na kofia ya koti. Obama alipotaja kijiji kidogo alikozaliwa baba yake, mama alisimama. "Hicho kiko ng'ambo ya ziwa letu," akasema, kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa watu wote waliotuzunguka. Kisha akafungua vifungo vya koti, vyote, katika baridi ile, ili kanga ionekane. Kaka akaanza kumzuia. Nikamshika kaka. Dakika mbili hivi alisimama hivyo, picha ya Obama kifuani na pua imekuwa nyekundu, na yule mama wa Georgia akataka kujua maandishi yale yana maana gani. Nilimtafsiria. Akayarudia mara mbili ili asiyasahau.

Hatukukimbilia treni. Metro imetangaza zaidi ya safari milioni 1 na laki 1 siku hiyo, na nyingi nadhani zilikuwa katika saa mbili za kwanza baada ya hotuba. Tulikaa kwenye mgahawa mdogo barabara ya 18, tukanywa supu, tukamvua mama buti. Treni ya saa 12 jioni tulipata hadi viti.

Wameondoka jana asubuhi kurudi Columbus, goti limefungwa bandeji. Kanga ameondoka nayo. Koti la kijivu lipo kwangu, nimelifua na kulining'iniza mlangoni. Kaka wa Baltimore, pitia wakati wowote. Mfukoni nimekuta vile vifuko viwili vya Georgia, nimeviacha humohumo.