Tiketi za AFCON 2027: sisi wa Pemba tutazipatia wapi?

MtuWaWete
Asalaam alaykum wanakandanda. Mie naishi Wete. Mei 25, 2025, Simba iliporudiana na RS Berkane fainali ya Kombe la Shirikisho uwanja wa Amaan, kule Unguja, nilipanda boti Mkoani na mwanangu wa miaka kumi na moja. Fulana yake nyekundu kalala nayo tangu usiku. Tiketi hatuna. Kwenye simu kila nikilipa, pesa inarudi, nikasema potelea mbali, nitapata mlangoni.

Nje ya geti nikamkuta kijana kajibanza ubavuni mwa muuza maji ya miwa, tiketi kazishika kama karata. Anataka mara tatu ya bei. Moja ningeiweza, lakini mbili, na nauli ya kurudi bado? Tukaishia kwenye baraza ya watu nyuma ya uwanja, televisheni ndogo imewekwa dirishani. Picha ilichelewa kuliko mechi yenyewe. Mutale wa Simba alipofunga, kelele zilitufikia kwanza, mtoto ananivuta mkono, "Baba, washafunga?" na kwenye kioo mpira bado uko katikati.

Basi Agosti ile ya CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, Sudan ikiipiga Nigeria 4-0 hapo hapo Amaan, niliingia bila kusukumana na mtu. Kwa hiyo shida ni hizi mechi ambazo kila mtu anazitaka. AFCON 2027 inakuja kwetu, Kenya na Uganda. Wa mjini akikosa tiketi anarudi kwake kwa daladala. Mie nauli ya boti nishailipa. Kuna njia gani?

Mpendae77
Usivuke bahari bila tiketi, bwana we. Ndio jibu lenyewe.

SomoWaJang'ombe
Pole kaka yangu, na mtoto mpe pole. Ila usidhani kwa wakubwa kuna nafuu. Kombe la Dunia 2026, FIFA wameuza kwa bei inayopanda kadiri watu wanavyozitaka. Na ukitaka kuuza yako kwenye soko lao wenyewe la marudio, wanakata asilimia 15 kwa muuzaji na 15 nyingine kwa mnunuzi. Yule wako wa maji ya miwa walau alisimama juani.

Desemba 2025 mashabiki walipopiga kelele, zikatolewa za dola 60, hadi za fainali. Lakini kila shirikisho la soka la nchi lina asilimia 8 ya viti vya mechi ya timu yake, na za dola 60 ni sehemu moja katika kumi ya hizo. Hesabu mwenyewe zinabaki ngapi.

Mstaafu_wa_geti
Naomba nisitukanwe. Mie kazi hiyo ya kulangua tiketi nimeifanya, miaka ya nyuma. Nilikuwa na laini nne za simu, moja ya marehemu bibi yangu. Kila laini inanunua kivyake, hakuna anayeuliza kitambulisho. Siku ya mechi unasubiri saa ya mwisho, unamtafuta mwenye mtoto. Mwenye mtoto habishani sana.

Iliyokuwa ikituua ni moja tu: tiketi yenye jina, na getini wanatazama kitambulisho kweli, si kupunga mkono "pita, pita". Hapo laini ya bibi haina kazi.

Mpendae77
Wakikagua kitambulisho cha kila mtu, foleni itafika mtaani kwetu Mpendae!

Mstaafu_wa_geti
Wafungue geti mapema. Watu wanafika tangu asubuhi, wamekaa tu wanakula urojo.

MtuWaWete
Kumbe sikuonewa kwa bahati mbaya, nilichaguliwa! Haya, yamepita, shekhe.

Mie nitakachoomba ni dirisha la tiketi uwanja wa Gombani, huku huku Pemba, wiki moja kabla ya mechi, watu wauziwe kwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kila mtu na yake. Hizo asilimia 8 za wenzetu, Pemba tukipewa hata nusu yake nanyamaza. Asiyepata ajue yuko kwao, hajalipa boti.

Mtoto kasoma hapa begani mwangu, anauliza kama cha skuli kitakubaliwa.