Jikoni Mtaani: biskuti za chokoleti za siagi

Fatma: Assalaam alaykum jamani. Nani ana kipimo cha uhakika cha biskuti za chokoleti za siagi, zile ukiuma zavunjika zenyewe? Nataka kuoka Ijumaa jioni. Nna kakao, siagi pakiti moja ya gramu 250, unga wa ngano upo. Mayai sina.

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam mwanangu. Mayai yaache dukani. Hizi hazitiwi yai wala maziwa, ndiyo sababu zavunjika. Kipimo chake ni moja, mbili, tatu: sukari moja, siagi mbili, unga tatu. Kwa uzani lakini, si kwa kikombe. Na kakao yahesabiwa ndani ya unga, usiizidishe juu yake.

Shangazi Rukia: Kwa pakiti yako: siagi gramu 250, sukari 125, unga wa ngano 310, kakao 60. Vanila kijiko kimoja cha chai. Chumvi robo kijiko cha chai, na ikiwa siagi yenyewe ni ya chumvi usitie. Zatoka 37 hivi za gramu 20 moja.

Salim: Shangazi, ongeza na nusu kijiko cha chai cha kahawa ya unga ile ya kuyeyuka. Kahawa yenyewe haisikiki, lakini chokoleti yazidi kukolea.

Mama Nasra: Fatma, hiyo ni kakao kweli au ni chokoleti ya kunywa? Geuza mkebe usome. Ikiwa neno la kwanza kwenye orodha ni sukari, rudisha kabatini. Ukiitumia biskuti zitakuwa tamu mno, rangi hafifu, na sukari ile itazifanya zitandae.

Fatma: Imeandikwa kakao tupu. Rangi yake hudhurungi nyepesi, harufu kali kidogo.

Salim: Hiyo ni ya asili. Ile nyeusi-nyeusi imetiwa alkali kuondoa ukali, ladha yake ni tulivu na biskuti zatoka nyeusi za kupendeza. Kwa kipimo cha Shangazi zote mbili zafaa kwa sababu hakuna magadi wala bekingi pauda ndani. Tofauti hudhuru kwenye keki ambayo magadi yategemea ukali wa kakao ndipo iumuke.

Mwanaisha: Na mimi sina mizani, Shangazi. Vikombe basi?

Shangazi Rukia: Vikombe vya kupimia vile vya mililita 250, si kikombe cha chai cha kabatini. Unga vikombe viwili na nusu, kakao theluthi mbili ya kikombe, sukari ya unga kikombe kimoja. Siagi hakuna haja ya kuipima, fuata mistari ya karatasi yake.

Mama Nasra: Na unga uteke kwa kijiko utie kikombeni, kisha upangushe juu kwa kisu. Ukichovya kikombe ndani ya mfuko na kushindilia, kikombe cha gramu 125 chafika 160. Kwa vikombe viwili na nusu ushazidisha gramu 85 na zaidi, halafu walalamika donge halishikani!

Mwanaisha: 😂 Nimesikia.

Fatma: Sukari lazima iwe ya unga? Nna hii ya kawaida ya kunywea chai.

Shangazi Rukia: Isage kwenye ile kinu ya viungo ya blenda, kavu kabisa, kisha uichekeche. Chembe kubwa haziyeyuki kwenye donge lenye maji machache kama hili. Zayeyuka ndani ya oveni, na hapo biskuti yatandaa na kuwa ngumu ya kukatika, si ya kuvunjika. Wako wapendao hivyo, mimi siwalaumu. Lakini wewe umeomba za kuvunjika mdomoni.

Mama Kazungu: Mimi swali langu ni majarini. Siagi bei yake imepanda, mwataka tuoke na nini?

Salim: Mama Kazungu, majarini ya kupaka mkate na majarini ya kuokea ni vitu viwili. Soma kiwango cha mafuta. Siagi ina mafuta karibu asilimia 80, maji asilimia 16 hivi. Majarini ya kupaka mara nyingi iko chini ya hapo, na kilichobaki ni maji. Maji yakikutana na unga hufanya unga uvutike, basi biskuti yawa ngumu kama mkate uliolala. Tafuta ya kuokea yenye mafuta 80, ile inayokuja kwa kipande kigumu.

Shangazi Rukia: Au nusu kwa nusu, siagi 125 na majarini ya kuokea 125. Harufu ya siagi yabaki. Majarini tupu na kakao, mimi naona yaacha utando wa mafuta juu ya ulimi.

Mama Nasra: Na samli?

Shangazi Rukia: Samli ndiyo ya nankhatai, zile biskuti za samli, na kakao vilevile yakubali. Lakini samli haina maji, kwa hiyo usitie gramu kwa gramu. Penye siagi 250 weka samli 200 tu. Na iwe imeganda, ikae friji mpaka iwe nyeupe na laini ya kuchoteka. Samli ya majimaji yazalisha biskuti bapa inayong'aa mafuta.

Fatma: Haya, nabaki na siagi yangu. Niitoe friji saa ngapi kabla? Mapishi niliyoyaona yasema saa nzima.

Shangazi Rukia: Saa nzima ni huko kwenye baridi! Hapa na kaskazi hii, dakika 15. Ikate vipande vidogo vya sentimita mbili kwanza, vyote vilainike sawasawa, isiwe nje mafuta na ndani jiwe.

Shangazi Rukia: Hili mlishike nyote, kwani ndipo biskuti nyingi za Mombasa huharibika. Siagi ya kuchanganya na sukari yataka nyuzi 18 hadi 20. Jiko la Kibokoni saa nane mchana laweza kuwa nyuzi 31 au 32. Na siagi yaanza kuwa mafuta papo hapo kwenye 32. Kwa hiyo nafasi yetu ni ndogo. Bonyeza kwa kidole: kidole kiache alama lakini kisizame, na siagi isiwe inang'aa. Ikishang'aa umechelewa.

Fatma: Ikishachelewa siwezi kuirudisha friji?

Shangazi Rukia: Ikiwa imelainika tu, ndiyo, dakika kumi. Ikiwa imeshakuwa mafuta, hapana. Mafuta na maji yake vimeshaachana, hata ikiganda tena yawa chembechembe na haishiki sukari. Hiyo kapikie wali, chukua nyingine.

Salim: Oka usiku au baada ya alfajiri. Na weka bakuli lenyewe friji dakika 20 kabla. Bakuli la chuma likishapoa lakaa baridi muda wa kutosha kumaliza kuchanganya. La plastiki halisaidii.

Mwanaisha: Feni iwake?

Mama Nasra: Iwake wakati wa kuchanganya, izimwe wakati wa kuchekecha kakao, la sivyo utaokota kakao ukutani.

Fatma: 😂😂 Haya, utaratibu sasa. Nianze na nini?

Shangazi Rukia: Chekecha unga, kakao, chumvi na hiyo kahawa ya Salim pamoja, mara mbili. Kakao ina madonge, na donge lisilochekechwa utalikuta chungu ndani ya biskuti. Weka pembeni. Piga siagi na sukari na vanila kwa mwiko au mashine mwendo wa chini, dakika mbili tu. Hii si keki. Ukipiga mpaka ikawa nyeupe na nyepesi umetia hewa nyingi, biskuti itavimba ndani ya oveni kisha ibonyee na kupoteza umbo.

Shangazi Rukia: Halafu unga wote kwa mara moja. Changanya kwa mwiko mpaka uone madonge madonge, kisha malizia kwa ncha za vidole. Usitumie viganja, viganja vina joto. Na usikande! Hii si chapati. Ukiona unga mkavu hauonekani tena, acha.

Fatma: Na likikataa kushikana?

Shangazi Rukia: Kakao hunyonya sana, kwa hiyo mwanzo litaonekana kavu. Subiri dakika tano, libonyeze tena. Likiwa bado lamomonyoka, maziwa baridi kijiko kimoja cha chai. Cha chai, nasema.

Mama Nasra: Nazo zikitaka kuwa laini zaidi, toa unga gramu 30 uweke konflawa, yaani wanga wa mahindi, gramu 30 badala yake. Konflawa haina ule mvutano wa ngano.

Salim: Na asitumie unga wa kujiumua, ule uliotiwa bekingi pauda tayari. Biskuti zitapasuka juu na kuungana zote.

Shangazi Rukia: Sasa viringisha donge liwe gogo la unene wa sentimita nne, lifunge kwenye karatasi ya kuokea, friji saa moja. Kisha kata kwa kisu chembamba, unene wa sentimita moja na nusu. Kila unapokata zungusha gogo kidogo, lisibapie upande mmoja. Njia hii ni bora kwetu kuliko kusukuma mezani na kukata kwa kikombe, maana donge haliguswi na mikono likapata joto.

Mwanaisha: Mimi nataka umbo la nyota.

Shangazi Rukia: Basi sukuma kati ya karatasi mbili, weka hivyohivyo friji nusu saa, ndipo ukate. Na ukishapanga kwenye trei, trei nzima irudi friji dakika 15. Donge liingie ovenini likiwa baridi gumu: unga upate kuiva na kushikamana kabla siagi haijamwagika.

Salim: Kabla ya kuoka trei nzima, oka moja. Ikitandaa, ongeza unga kijiko kimoja kikubwa au muda wa friji. Ikipasuka pembeni, donge ni kavu au limetoka friji baridi mno, liache dakika tano kabla ya kukata.

Fatma: Oveni yangu ni ya gesi, moto watoka chini tu.

Salim: Nyuzi 160. Kama ina namba, ni namba tatu. Iwashe dakika 20 kabla. Chini weka trei tupu, na ile ya biskuti ngazi ya kati, hiyo tupu yakinga chini zisiungue. Dakika 17 hadi 20, na ikifika dakika ya kumi geuza trei, mbele iende nyuma. Oveni ya umeme yenye feni, nyuzi 150.

Fatma: Na nitajuaje zimeiva ilhali ni nyeusi tangu mbichi?

Shangazi Rukia: Swali zuri. Rangi haikusaidii. Tazama mng'aro: mbichi zang'aa, zikiiva juu yake pafifia. Gusa pembeni, pawe pameshika. Katikati bado pabonyea kidogo, na ndivyo itakiwavyo, zitakauka nje. Harufu ya chokoleti ikijaa nyumba nzima, zitoe mara moja. Kakao iliyoungua ni chungu na hakuna dawa yake.

Mama Nasra: Zisiguswe zikiwa za moto! Dakika kumi juu ya trei, kisha kwenye wavu. Siagi ya moto haijashika kitu, zitavunjika mkononi.

Mama Kazungu: Na sisi wa jiko la mkaa?

Mama Nasra: Yawezekana kabisa. Sufuria kubwa nzito, chini tandaza mchanga mkavu wa sentimita mbili, juu yake kigoda cha chuma au vifuniko vya mikebe, kisha sinia la biskuti. Funika, palia makaa juu ya mfuniko. Makaa machache chini, mengi juu. Sufuria ipate moto dakika 15 kabla ya kutia. Biskuti zisizidi kumi kwa mpigo, na uzitazame kuanzia dakika ya 15. Ukifunua kila mara moto wa juu wakimbia.

Mwanaisha: Juu nataka kuzichovya chokoleti nusu-nusu, zile za picha.

Salim: Hapo hali ya hewa yetu yakuchezea. Chokoleti halisi ina siagi ya kakao, nayo yayeyuka karibu nyuzi 34. Mombasa italainika mezani na kushika vidole, na ikiyeyuka ikaganda tena yatoa michirizi meupe. Si ukungu, ni mafuta yamepanda juu, yalika. Kwa kuchovya tumia chokoleti ya kupikia yenye mafuta ya mimea, yashika vizuri zaidi.

Salim: Iyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, maji yasiguse bakuli. Na tone la maji lisiingie. Likiingia chokoleti yote yagandamana iwe uji mzito wa chembechembe.

Shangazi Rukia: Mimi ningekatakata gramu 80 za chokoleti chungu nikaitia ndani ya donge, basi. Yakaa ndani, haimchafui mtu.

Mama Kazungu: Iliki je?

Shangazi Rukia: Robo kijiko cha chai, iliyotwangwa sasa hivi. Ikizidi yaimeza kakao.

Fatma: Na kuhifadhi? Humu ndani hata chumvi yalowa.

Mama Nasra: Zipoe kabisa, saa nzima. Mvuke ukifungiwa ndani ya kopo zimelainika kabla ya asubuhi. Kopo la bati la mfuniko wa kukaza, karatasi kati ya safu na safu. Usizichanganye na keki wala mahamri, biskuti zitanyonya unyevu wake. Hivyo zakaa wiki mbili.

Salim: Zikilainika, oveni nyuzi 150 dakika tano, ziache zipoe, zinarudi.

Fatma: 37 ni nyingi kwetu. Nusu ya donge naweza kuiweka?

Shangazi Rukia: Gogo lifunge vizuri mara mbili, liweke frizani, mwezi mzima halina neno. Siku ya kuoka liache friji ya kawaida usiku kucha, ukate asubuhi. Au likate kwanza ndipo ugandishe vipande, uvioke vikiwa vimeganda hivyohivyo na uongeze dakika mbili. Stima ikikatika mchana kutwa, liokeni lote siku hiyo hiyo.