Mashine ya gemu ya mkononi: ninunue sasa au nisubiri konsoli mpya za nyumbani?

Mpemba_wa_Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kaka yangu anayeishi Marekani anakuja likizo, na ameniahidi kuniletea mashine moja ya gemu iwapo bei yake haitapita dola 600, nami nitamrejeshea fedha zake kidogo kidogo. Nyumbani Wete tunacheza watu watatu, mimi na wadogo zangu wawili walioko skuli ya sekondari, na kinachochezwa zaidi ni mpira. Magemu mengine hufunguliwa pale mmoja wetu anapofungwa mabao mengi akanuna.

Nimebakisha mashine tatu. Ya kwanza ni Nintendo Switch 2, iliyoingia sokoni Juni 2025 kwa dola 449.99, yenye kioo cha inchi 7.9. Ya pili ni Steam Deck ya kioo cha OLED cha inchi 7.4, iliyoanza kuuzwa Novemba 2023 kwa dola 549. Ya tatu ni ROG Xbox Ally, ile ya bei ya chini, iliyotoka Oktoba 2025 kwa dola 599.99. Kila ninaposoma ulinganisho wa mitandaoni nakuta watu wanabishania nguvu za mashine, lakini mimi wasiwasi wangu ni umeme unaokatika bila ya taarifa, na intaneti, kwa kuwa natumia bando la simu tu. Juu ya hayo, Valve, ambao ndio watengenezaji wa Steam Deck, walitangaza Novemba 2025 mashine ya nyumbani iitwayo Steam Machine, na Sony wa PlayStation na Microsoft wa Xbox kila mmoja ameshasema kwamba anatengeneza konsoli ijayo kwa kushirikiana na AMD, kampuni ya chipu. Je, ninunue sasa au nivute subira?

Fundi_Mlandege

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Mimi natengeneza simu na mashine za gemu hapa Mlandege, na ningekushauri habari za nguvu uziweke kando kwanza, ujiulize gemu lenyewe litakufikia vipi hapo Wete. Gemu kubwa la siku hizi huweza kupita GB 100, na mtu wa bando akilipakua huwa amelilipia mara mbili. Switch 2 inatumia kadi, tena inasoma kadi nyingi za Switch ya zamani iliyokuwa sokoni tangu Machi 2017, kwa hiyo kadi zilizokwishatumika zimejaa, na kadi unaweza kuiazima, kuiuza au kubadilishana na mwenzako. Tahadhari ni moja: baadhi ya kadi za Switch 2 hazina gemu ndani yake, zina ufunguo tu, na ukiichomeka kadi mashine itataka kupakua gemu zima. Kasha la kadi ya namna hiyo huwa limeandikwa hivyo mbele, sehemu ya chini. Mwambie kaka yako alisome dukani kabla ya kutoa pesa.

Kwa upande wa ufundi siwezi kuisifia. iFixit, ambao hupima urahisi wa kutengeneza vifaa, waliipa alama 3 kati ya 10, na betri yake imegandishwa kwa gundi. Vijiti vyake vya kuongozea si vya sumaku. Ukifungua kijiti kisichokuwa cha sumaku utakuta utepe mweusi wa kaboni, na juu yake kijichuma chembamba kinachoteleza kila unaposukuma. Kijichuma hicho husugua utepe hadi ukabaki unga mweusi ndani, na hapo mchezaji wako huanza kutembea peke yake hali kidole hujakiweka. Vumbi na unyevu wa bahari wa huku kwetu haviusaidii utepe huo. Steam Deck ya OLED nayo haina vijiti vya sumaku, lakini kijiti chake kinatoka kwa skrubu chache na vipuri vyake vinauzwa na iFixit hao hao. Ukiniletea mezani Steam Deck na Switch 2 zenye ugonjwa mmoja, nitaanza na Steam Deck.

Usisahau pia kwamba Switch 2 ina nafasi ya GB 256 na haikubali magemu kwenye kadi ndogo za kawaida tunazotumia kwenye simu. Inataka microSD Express, ambayo ni aina nyengine kabisa na bei yake ni kubwa. Steam Deck inakubali ile ya kawaida.

Mwalimu_Chake

Namuunga mkono fundi katika suala la bando, ila ameruka suala la akaunti, ambalo kwa Mtanzania ni zito kuliko skrubu. Duka la mtandaoni la Nintendo halina Tanzania katika nchi zake, na mtandao wa PlayStation vivyo hivyo, kwa hiyo watu wa huku hufungua akaunti kwa jina la nchi nyengine na kutegemea kadi za malipo za nchi hiyo. Mtu anaweza kuishi hivyo kwa miaka bila ya tatizo, lakini anaishi kwa kuvumiliwa. Mwaka 2024 Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hilo liliondolewa kwenye duka la Steam katika nchi na maeneo zaidi ya 170 yasiyo na huduma hiyo. Kelele zilipozidi, Sony wakaliacha sharti lao. Steam yenyewe inatuuzia sisi moja kwa moja kwa dola, na magemu ya miaka ya nyuma hushushwa bei mara kwa mara.

Kuhusu bando, Steam ina njia ambayo wengi hawaijui: tangu mwaka 2023, mashine mbili zilizo kwenye Wi-Fi moja zinaweza kuhamishiana gemu. Iwapo mwenzako ana gemu ulilolinunua nawe, mafaili yatatoka kwake kuja kwako, na bando litaliwa kidogo tu.

Umeme tuupigie hesabu. Betri ya Steam Deck ya OLED ni ya wati-saa 50. Gemu zito likiifanya mashine ivute wati 20, utapata saa mbili na nusu. Gemu jepesi linalokula wati 8 litakufikisha saa sita. ROG Xbox Ally ina wati-saa 60, lakini kioo chake ni cha 1080p, yaani chenye nukta nyingi zaidi, na programu yake kuu ni Windows, kwa hiyo ziada ile huliwa na vitu hivyo. Betri ya Switch 2 ni ndogo kuliko zote, kama wati-saa 20, ila mashine yenyewe ina matumizi madogo, na Nintendo wanaikadiria saa 2 hadi 6.5. Sasa chukua pawabenki ya mAh 20,000, ambayo ni wati-saa 74 na baada ya upotevu hubaki kama 60: itaijaza Steam Deck mara moja, na Switch 2 takriban mara tatu. Kwa usiku wa umeme kukatika, Switch 2 imeshinda.

Hata hivyo, mdogo wangu, umesema mnacheza mpira. EA Sports FC, gemu la mpira la kampuni ya EA, kwa upande wa kompyuta linalindwa na programu ya kuzuia udanganyifu ambayo haikubali Linux, programu kuu tofauti na Windows, na SteamOS iliyomo ndani ya Steam Deck ni Linux. Kwa hivyo FC 26, toleo lake la mwaka 2025, haichezeki humo mpaka uweke Windows, kazi ambayo sikushauri uifanye kwa bando. Mimi mwenyewe ninaipenda Steam Deck kuliko hizo mbili nyengine, lakini mimi sichezi mpira.

Mpemba_wa_Wete

Nawashukuru sana. Habari hii ya Linux sikuiona katika ulinganisho wowote niliousoma, na ndiyo iliyokuwa inanihusu zaidi. Nauliza tena: je, Steam Machine itakuwa na kizuizi hicho hicho? Na hizo konsoli za Sony na Microsoft, mtu akizisubiri anapata faida gani?

Babu_Michenzani

Mwanangu, Steam Machine ni kisanduku cha kuweka chini ya televisheni, Valve wanasema kina nguvu takriban mara sita ya Steam Deck, lakini ndani yake mna SteamOS ile ile. Waliofunga mlango wa mpira kwenye Steam Deck ni EA, na mlango huo haufunguki kwa kuongeza nguvu.

Kusubiri kulikuwa na maana zamani, kwa sababu konsoli ilikuwa ikishuka bei kadiri inavyozeeka. Siku hizi mambo yamegeuka. PlayStation 5 yenye sehemu ya diski ilianza Novemba 2020 kwa dola 499.99, na Agosti 2025 ikapandishwa Marekani hadi 549.99. Xbox Series X ilianza kwa bei hiyo hiyo, ikapandishwa mara mbili katika mwaka 2025 mmoja, ikafika 649.99. Tena tangu mwishoni mwa mwaka huo bei ya vipande vya kumbukumbu imepaa kwa sababu vituo vya data vya akili bandia vinavikomba, na hakuna konsoli isiyotumia vipande hivyo. Mark Cerny wa Sony, alipozungumza pamoja na Jack Huynh wa AMD Oktoba 2025 kuhusu teknolojia wanazozitayarisha, aliitaja konsoli ijayo kuwa ni jambo la miaka michache mbele. Wadogo zako watakuwa wamemaliza skuli.

Halafu fikiria umeme. PlayStation 5 ikicheza gemu zito inavuta kiasi cha wati 200, na televisheni ina zake. Umeme ukikatika mechi imekufa, isipokuwa uwe na betri ya akiba ya kutosha, ambayo ni gharama nyengine. Sisi wa Unguja tuliokaa gizani kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010 tunajua konsoli ya nyumbani hugeuka nini pasipo umeme. Vijana wa mtaani kwetu waliziweka juu ya kabati na kurudi kwenye karata. Wala usidanganywe na PlayStation Portal kwa kuwa inashikwa mkononi na ilianza kwa dola 199.99. Ile inapokea picha kwa intaneti kutoka PlayStation 5 yako au kutoka kwenye mitambo ya Sony, na intaneti ikilegea unabaki na kioo tu.

Ushindani wa mashine za mkononi haujaanza leo. Game Boy ya mwaka 1989 ilikuwa na kioo cha kijani kisichokuwa na taa, ikitumia betri nne ndogo za duka. Game Gear ya Sega iliyofuata mwaka 1990 ilikuwa na rangi na mwanga, ikala betri sita kwa saa chache tu. Ile ya kioo kibaya, ukiijumlisha na Game Boy Color, iliuzwa zaidi ya milioni 118, na ile nzuri haikuikaribia.

Fundi_Mlandege

Babu amemaliza suala la kusubiri, nami nimalizie la ROG Xbox Ally, maana ni haki yake kusikilizwa. Kwa mpira inafaa, kwa sababu ina Windows na FC 26 inakubali. Tatizo ni kwamba dola 599.99 zinamaliza fedha zote kabla hujanunua gemu, wala pedi ya pili, wala kituo cha kuiunganisha na televisheni. Windows nayo hushusha masasisho yake pale inapotaka, na bando likaenda. Kwa mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo ningezungumza lugha nyengine.

FC 26 ipo kwenye Switch 2 tangu Septemba 2025, kituo cha kuiunganisha na televisheni kimo ndani ya kasha, na kwenye dola 600 unabakiwa na fedha za gemu na pedi ya ziada. Kabla ya kununua, kasha la mpira litazamwe yale maandishi niliyoyataja. Ikiwa ni kadi ya ufunguo, kaka yako aichomeke na kulipakua gemu huko huko aliko, ambako intaneti si ya bando, aje nalo likiwa limo ndani.

Mashine iwe mpya kutoka dukani. Switch 2 iliyotumika inaweza kuwa imefungiwa na Nintendo isiingie mtandaoni kwa sababu mwenyewe wa kwanza alitumia kadi za kunakili, na kuitazama kwa nje huwezi kujua. Na ukikuta popote Switch 2 ya Kijapani kwa bei ya kuvutia, ujue kuna toleo linalouzwa Japani tu, lililoanza mwaka 2025 kwa yeni 49,980, ambalo halina lugha nyengine ila Kijapani na halipokei akaunti ya nchi nyengine.

Mpemba_wa_Wete

Nimeshamwandikia kaka: Switch 2 mpya, kasha la mpira likaguliwe, na kipakuliwe huko chochote cha kupakuliwa. Limebaki dogo: chaja ya Marekani haitaungua kwa umeme wetu wa volti 230?

Fundi_Mlandege

Haitaungua. Chaja hiyo inapokea volti 100 hadi 240, tofauti ni miguu tu, kwa kuwa ya kwao ni bapa miwili na soketi zetu ni za matundu matatu. Nunua kigeuzi kinachobana vizuri, usichukue kile kinacholegea na kutoa cheche, na hiyo chaja ya asili isipotee, kwa sababu ni ya wati 60, na chaja ya kawaida ya simu haitakiendesha kile kituo cha kuunganishia televisheni. Miezi ya kaskazi, joto linapofika karibu na nyuzi 35 ambazo ndizo mwisho wa kiwango walichoweka Nintendo, mchezee penye upepo, na tundu la hewa la juu lisizibwe kwa mto wala shuka.