Pitcairn au Tokelau: nianze na ipi?

Msafiri_Tanga: Wadau, Pitcairn ya Uingereza na Tokelau ya New Zealand, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, zote hazina uwanja wa ndege. Nina wiki nne na pasipoti ya Tanzania. Ipi inafikika?

Nahodha77: Pitcairn, kwa sababu ratiba ya meli hutangazwa mapema. Ruka hadi Papeete, Tahiti, kisha ndege ya ndani hadi kisiwa cha Mangareva, vyote Polinesia ya Kifaransa. Kutoka hapo ni siku mbili hivi baharini. Ndege ya Mangareva si ya kila siku, kwa hiyo kata nafasi ya meli kwanza, ndege ifuate. Kufika penyewe ndiko kugumu: meli hubaki nje ya Bounty Bay, ghuba ya kushukia Pitcairn, nawe unashuka kwa ngazi ya kamba hadi kwenye mashua. Subiri wimbi liinyanyue mashua, ndipo uachie ngazi. Ukiachia inaposhuka, pengo linakuwa refu na mguu unavunjika. Begi lishushwe peke yake, mikono ibaki huru.

BintiLamu: Visa ndiyo inayokwamisha wengi. Ya Schengen (ya nchi za Ulaya) peke yake haikuingizi Tahiti; omba inayotaja Polinesia ya Kifaransa, tena ya kuingia zaidi ya mara moja, maana ukienda Pitcairn umeshatoka na lazima urudi njia ileile. Ukipitia Los Angeles, Marekani wanataka visa hata kwa kubadilisha ndege tu.

Ramani_Kuu: Kwa nauli, Tokelau ni nafuu, lakini nafasi ni ya kubahatisha. Meli hutoka Apia, Samoa, na huchukua kama siku nzima hadi kisiwa cha Fakaofo, kisha Nukunonu na Atafu. Kabla ya tiketi unahitaji kibali, na baraza la wazee la kisiwa, Taupulega, likubali kukupokea. Wenyeji na wagonjwa hutangulia. Mgeni anaweza kuachwa gatini. Usinunue tiketi ya ndege isiyobadilishika.

Kama unapenda siasa za visiwa, hapo ndipo mahali: hakuna mji mkuu, na uongozi wa Ulu, mkuu wa serikali, huzunguka kila mwaka baina ya visiwa vitatu. Mwaka 2007 walipiga kura ya kujitawala, zikapungua kura 16 kufikia theluthi mbili zilizohitajika.

Nahodha77: Kweli, Tokelau ina watu kama 1,500. Pitcairn hawazidi 60, wengi wao uzao wa mabaharia walioasi kwenye meli ya Kiingereza Bounty na Watahiti waliofika 1790.

BintiLamu: Kotekote beba dola za New Zealand taslimu. Mashine ya kutolea pesa hakuna.