Jopo limeniuliza ukurasa wa kuingilia wa kerneli uko wapi. Wallahi nimechoka

Wakuu, assalaam aleikum. Wasimamizi wa jukwaa, kama uzi huu si wa hapa uhamisheni mnapotaka, ila msiufute. Nimetoka mbele ya jopo saa saba mchana, sasa ni saa tano usiku, na bado sijala.

Mie ni mwaka wa mwisho, hapa Unguja. Chuo sikitaji na wala msinifuate inboksi kuniuliza. Mradi wangu wa kumalizia ni kerneli ndogo, yaani kiini cha mfumo endeshi, kinachokaa kati ya programu na chuma: iamshe mashine, igawe kumbukumbu, ipokee kibodi, iendeshe programu mbili tatu kwa zamu. Basi. Sijasema nashindana na Linux. Nimeiandika kwa lugha ya C na asembli kidogo (asembli ni amri za prosesa yenyewe, moja moja), miezi mitano, kwenye laptopu ambayo ukichomoa waya inazimika kabla maji ya chai hayajachemka.

Jopo watu watatu. Wa kwanza akalishika andiko langu, akaruka kurasa zote mpaka za nyuma, akauliza, "Mchoro wa databesi uko wapi?" Nikamwambia, "Maalim, kerneli haina databesi." Akaandika kitu kwenye karatasi yake, sikukiona. Wa pili akataka ukurasa wa kuingilia, wa jina na nywila. "Sasa mtumiaji ataingiaje kwenye mfumo wako, kijana?" Nikajibu kwa adabu zote nilizofunzwa na mama yangu kwamba mtumiaji bado hajafika, maalim, ndio kwanza tunapiga msingi. Akamtazama mwenziwe, wakacheka.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. "Kwa nini C? Hiyo lugha ya wazee. Soko lote sasa hivi ni Python, akili mnemba yote ni Python. Nenda kaiandike upya kwa Python, au hata Java, halafu uje tuzungumze."

Kaiandike upya. Kama vile naambiwa nikabadilishe shati.

Na fomu yao ya alama, nilikuja kuoneshwa baadaye, ina kipengele cha kiolesura cha mtumiaji alama 15, na cha usanifu wa databesi alama 15. Maana yake thelathini zilishaniponyoka kabla sijafungua mdomo. Ile fomu ilitungwa kwa ajili ya mifumo ya maduka ya dawa, na tangu hapo kila mwanafunzi lazima ajenge duka la dawa. Wenzangu wanne waliopita siku hiyo hiyo: duka la dawa, hoteli, skuli, duka la dawa.

Hebu nisaidieni, labda mjinga ni mie.

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kwenye PC ya BIOS (programu ndogo iliyomo ndani ya bodi ya mashine), prosesa inaamka ikijiona ya biti 16, kama vile bado tuko miaka ya themanini. BIOS inasoma baiti 512 za mwanzo wa diski, inatazama kama mbili za mwisho ni 55 na AA, inazipakia kwenye anwani 7C00, kisha inaruka pale na kukuachia mashine. Ukishavuka kwenda biti 64 hata hiyo BIOS huiiti tena. Hakuna faili, hakuna dirisha, hakuna wa kumuomba kumbukumbu. Uko peke yako na chuma.

Sasa Python tunayoipakua sote ni programu, na imeandikwa kwa C. Ikiamka tu inaanza kuomba: nipe kumbukumbu, nifungulie faili hili, nioneshe saa ngapi. Inamuomba mfumo endeshi. Ambao ndio huo ninaouandika! Mgeni keshafika anadai maji ya kunawa, na nyumba yenyewe bado kiwanja. Java ndiyo hivyo hivyo, na juu yake inakuja na mfagizi wake wa kumbukumbu, anayezoa isiyotumika tena na kusimamisha kazi anapoamua yeye, wakati kibodi na saa ya mashine hazimngoji mtu.

C nayo ina maktaba yake, sibishi. Lakini ukiiambia kompaila, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, kwamba safari hii hakuna maktaba, inakubali na kazi inaendelea. Printf ya kuandika kwenye skrini huna, malloc ya kuomba kumbukumbu huna, utajiandikia mwenyewe. Kikubwa inachodai ni staki, sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea kazi zilizo mkononi, nayo unaiwekea kwa mistari michache ya asembli. Neno la kwanza kerneli yangu ililosema ni KARIBU, la kijani. Skrini ya maandishi ya VGA inaanzia anwani B8000, kila herufi baiti mbili, moja ya herufi yenyewe na moja ya rangi. Unaandika pale kwa pointa, yaani kwa kuitaja anwani yenyewe, herufi inatokea. Hakuna wa katikati. Saa nane za usiku nilikuwa natazama KARIBU ile kama mtu aliyeona mwezi wa Idi.

Na maalim angetaka kunibana vizuri angeweza, maana kerneli za lugha nyingine zipo. Microsoft walikuwa na mradi wa utafiti, Singularity, sehemu kubwa yake kwa lugha waliyoitoa kwenye C#, yenye mfagizi wa kumbukumbu na kila kitu. Chuo cha MIT cha Marekani mwaka 2018 walitoa Biscuit, kerneli ya lugha ya Go, wakapima njia zile zile kwa Go na kwa C, ya Go ikawa nyuma kwa asilimia 5 hadi 15. Si vibaya hata kidogo. Lakini zote mbili, ukifika chini kabisa, pale prosesa inapokatizwa na kibodi au saa, utaikuta asembli imekaa. Wazee wetu wa Pemba wanasema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chagua lugha uitakayo ya juu, ngamani utashuka tu, na lugha yako lazima ijue kushuka. Hilo ndilo swali la kumuuliza mwanafunzi wa kerneli: lugha yako inasimama juu ya nini? Soko linaingiaje hapa?

Sasa nifike kwenye kilichonitia uchungu khasa, kwa sababu nyie wengi mtadhani nalia kwa kukataliwa C.

C ilistahili kukataliwa! Sababu ya kuikataa ilikuwepo mezani, kwenye ukurasa wa 31 wa andiko langu, nimeiandika mie mwenyewe, na hakuna aliyeisoma. Nisimulie. Bafa yangu ya kibodi, pale herufi zinaposubiri kusomwa, ina nafasi 64. Kwenye kuangalia kama imejaa nikaandika "ndogo au sawa" badala ya "ndogo". Alama moja imezidi. Herufi ya 65 ikawa inakwenda kukaa juu ya jirani, na jirani alikuwa pointa ya orodha ya programu zinazosubiri zamu. C haikusema kitu. Kompaila haikusema kitu. Kerneli iliendelea wiki nzima bila tatizo, kwa sababu nani anaandika herufi 65 bila kubonyeza Enter? Mpaka alipokuja mtoto wa dada yangu, ana miaka minne, akalaza kiganja kwenye kibodi akakiacha pale pale huku anatazama katuni kwenye simu. Mashine ikajiwasha upya. Akaondoka, ikatulia. Siku tatu nikitafuta, nikadhani ni saa, nikadhani ni majedwali ya kurasa za kumbukumbu, nikaandika upya msimbo ambao haukuwa na kosa lolote.

Kosa la aina hiyo hiyo, tarehe 19 Julai 2024, liliangusha kompyuta za Windows takriban milioni 8.5 duniani. Sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta. Draiva yao inakaa ndani ya kerneli, ilipewa vitu 20, ikaenda kusoma cha 21. Kwenye programu ya kawaida hapo inakufa programu peke yake. Ndani ya kerneli inakufa mashine. Na Microsoft walishasema tangu 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka inatoka huko huko, kwenye kumbukumbu kushikwa vibaya. Ndiyo maana Linux, ambayo ni ya C tangu 1991, iliifungulia Rust, lugha inayokulinda na makosa hayo ya kumbukumbu, mlango kwenye toleo la 6.1, Desemba 2022. Kwenye Rust ile herufi yangu ya 65 ingesimamishwa pale pale na kutajwa mpaka mstari. Siku tatu zingekuwa dakika tatu.

Maalim mmoja angenambia tu, "Mwanangu, mwaka huu tulionao, kwa nini unaanza kerneli mpya kwa lugha isiyokulinda?" wallahi ningenyamaza. Ningekuwa na jibu, lakini lingekuwa jibu la kujikunyata. Kwamba kitu nilichojifunzia ni xv6, kerneli ndogo ya kufundishia ya MIT, nayo ni ya C. Kwamba Rust niliijaribu wiki tatu, nikikwama sina wa kumuuliza kisiwa kizima, na wa mtandaoni akinijibu bando limekwisha. Kwamba nilitaka kuiona mashine kabla sijafichwa na mtu. Tungebishana, pengine ningeshindwa, na ningeshindwa nikiwa nimejifunza kitu. Badala yake nimeshindwa kwa ajili ya duka la dawa.

(Na wale wa Rust msianze shangwe. Kosa langu jingine lilikuwa la ukanda mwekundu: kompaila ya x86-64 inajichukulia baiti 128 chini ya staki bila kuhodisha, ukatizaji unakuja unazikanyaga. Dawa yake ni kuikataza kompaila. Hapo lugha haikuokoi, ni kusoma tu.)

Mama kapiga simu magharibi kutoka Wete kuniuliza yamekwendaje. Nikamwambia wametaka nirekebishe kidogo. Akauliza, "Kidogo kiasi gani?" Nikasema kidogo tu, mama.

NYONGEZA, saa saba kasoro usiku

Nimesoma majibu yenu. Anayesema "kerneli zote tangu dunia ianze ni C", si kweli, ndugu yangu, na usinitetee kwa uongo. Unix yenyewe, mfumo endeshi wa zamani, ilianza kwa asembli mwaka 1969, ikaja kuandikwa upya kwa C 1973. Na kampuni ya Burroughs walikuwa na mfumo endeshi wao ulioandikwa kwa lugha ya ukoo wa Algol tangu miaka ya sitini, C haijazaliwa.

Anayesema nikate rufaa: rufaa inasikilizwa na jopo hilo hilo. Nilishauliza.

Anayesema nijifanye nimeandika kwa Python kwa kuwa hawataifungua: nimelifikiria, siwezi kuwadanganya. Wataifungua siku hiyo tu, kwa bahati yangu ninavyoijua.

Ila yule aliyesema "wape wanachokitaka", shekhe, umenipa akili. Wamenipa mpaka Jumatatu. Ukurasa wa kuingilia wanautaka? Wataupata, ndani ya kerneli, pale B8000, herufi moja moja. Jina mstari wa kumi, nywila mstari wa kumi na mbili, nyota za manjano. Nimeshauanza. Kwa C. Na safari hii alama ya bafa nimeiangalia mara nne, kisha nimelaza kiganja changu mwenyewe kwenye kibodi nikahesabu mpaka mia.

Bado databesi. Mwenye mfano wa mchoro wa databesi wa kitu kisicho na databesi anitumie kabla ya Jumapili usiku, pa kutoa kopi Darajani wanafungua saa mbili na jopo ni saa tatu.