Bastola ya fremu ya polima au ya chuma, kwa mashindano na kwa kubeba kila siku? Nishaurini

MKULIMA WA NJORO
Wakuu, salamu kutoka Nakuru. Mimi ni mfanyabiashara wa mahindi na mbolea. Leseni ninayo na naihuisha kila mwaka bila shida. Bastola yangu ni Glock 17. Nilikuwa naibeba tu kwa sababu ya pesa za mauzo, lakini rafiki alinipeleka uwanja wa shabaha nikanaswa kabisa. Sasa nataka kuingia mashindano, kitengo cha Production (bastola za kawaida za kiwandani) cha IPSC, shirikisho la dunia la mashindano ya shabaha.

Glock yenyewe inaniangusha. Inakwama katikati ya zoezi, saa inahesabu, jasho linanitoka. Hata nikivuta nyundo vizuri kabla ya kuanza, baada ya risasi chache inasimama. Nimeisafisha, nimebadilisha magazini, bado. Watu wananiambia fremu ya polima, yaani mwili wa bastola wenye mpini, ni plastiki, inajipinda ukifyatua, na kwamba chuma ndicho silaha. Nataka bastola moja ifanye kazi zote mbili, uwanjani na kiunoni. Nihamie chuma? Naomba majibu mapema, sina muda mwingi.

DALA WA DUNGA
Omera, kabla hujakimbilia chuma njoo kwanza uishi Kisumu. Mimi nina Ceska, CZ 75 ya chuma kitupu, na naipenda. Lakini hewa ya ziwa na jasho la Februari haviihurumii. Kuna wakati niliiacha ndani ya ala ya ngozi kabatini, kwa sababu nilikuwa msibani Siaya na mambo yalikuwa mengi. Niliporudi, reli za fremu zilikuwa zimeanza kutu na skrubu za mpini zilikuwa nyekundu. Ngozi hunyonya jasho na kulishikilia pale pale kwenye chuma. Tangu siku hiyo ala ni ya kuvaa, si ya kuhifadhia. Napangusa kwa kitambaa chenye mafuta kila jioni, hata kama sikufyatua. Wenye Glock pia wasijidanganye. Fremu haishiki kutu, lakini slaidi (ile sehemu ya juu inayorudi nyuma ukifyatua) na mtutu ni chuma.

MAMA WA KAKAMEGA
Kaka yangu, hakuna aliyekuuliza jambo la kwanza. Kwako kuna watoto? Bastola inalala wapi usiku? Mnajadili polima na chuma wakati mtoto hajui tofauti, yeye anajua tu kwamba kitu cha baba kiko chini ya mto. Kama huna sefu iliyofungwa kwenye ukuta au sakafu, hizo pesa za bastola mpya nunua sefu kwanza. Na pesa za mauzo siku hizi si zinapita kwa simu? Mfanyabiashara anayejulikana anatembea na bastola ndiye huwa wa kwanza kuviziwa.

MKULIMA WA NJORO
Mama, shikamoo, na asante. Sefu ipo, na ufunguo ninao mimi peke yangu. Mkulima wa Elburgon hataki pesa ya simu, anataka noti mkononi kabla gunia halijapanda lori. Lakini swali langu ni fremu.

AFANDE MSTAAFU GILGIL
Kijana, nimebeba bastola kiunoni miaka mingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, ya chuma kwanza halafu ya polima. Nitakujibu, ila ujibu nawe.

Fremu ya polima si mchezo wa mtoto. Heckler & Koch wa Ujerumani walitoa VP70, bastola ya polima, mwaka 1970, na jeshi la Austria likaichagua Glock mwaka 1982. Waingereza, wale wale tunaowaona wakifanya mazoezi Nanyuki, walikaa na Browning Hi-Power ya chuma kwa miongo, halafu mwaka 2013 wakachukua Glock 17. Anayeshinda na bastola kiunoni tangu alfajiri hadi usiku anajua sababu. Glock 17 na magazini tupu ni kama gramu 700. CZ 75 B ni kilo moja. Hizo gramu 300 utazihisi kiunoni saa kumi jioni ukishuka garini. Kuhusu kujipinda: ndiyo, polima hunyumbuka kidogo risasi inapotoka, na imetengenezwa hivyo. Slaidi haitelezi juu ya plastiki, kuna vipande vya chuma vilivyozamishwa ndani ya fremu.

Sasa maswali. Inakwama vipi hasa? Ganda linabaki wapi? Na je, mtu mwingine akiifyatua bastola hiyo hiyo, kwa risasi hizo hizo, inakwama?

MKULIMA WA NJORO
Asante mzee. Inakwama tu. Wengine wanasema ni springi. Lakini tuseme springi ni nzima, kwa mashindano chuma si bora? Nimeona Eric Grauffel wa Ufaransa, bingwa wa dunia, akipiga kwa CZ. Hawezi kuwa mjinga.

AFANDE MSTAAFU GILGIL
Hujanijibu.

MLENGAJI WA ELDORET
Mzee amekubana vizuri. Kwa mashindano, ndiyo, chuma kinatamba, na sababu iko wazi: risasi ni ile ile, bastola nzito inaruka polepole na kidogo, kilenga kinarudi mahali pake haraka. CZ Shadow 2 ina gramu 1,330, karibu mara mbili ya Glock yako. Slaidi yake inapita ndani ya reli za fremu, si nje, na inakaa chini karibu na mkono. Nimeshindana na watu wenye Shadow 2 kule Kirigiti, Kiambu, na kilenga chao hakikuwa kinahama. Lakini bastola haikwami kwa sababu ni polima. Jibu swali la Afande.

MKULIMA WA NJORO
Sawa. Ganda tupu linabanwa limesimama wima kwenye dirisha la slaidi. Rafiki yangu akiifyatua haikwami. Mkewe pia, haikwami.

Sikutaka kulileta hapa kwa sababu najua mtakachosema. Nilianguka na pikipiki karibu na Salgaa, lori lilinisukuma nje ya lami. Kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika, kikawekwa chuma na skrubu. Daktari alisema nimepona, nabeba gunia, naendesha gari, nasaini hundi. Mkono si tatizo. Na ndiyo maana nasema bastola nzito itanisaidia, itatulia yenyewe. Kwa hivyo nimeshalipa amana ya Shadow 2 kwa muuzaji, salio linatakiwa mwisho wa mwezi. Bei ni nzuri na zikiisha zimeisha. Nilichotaka ni mtu aniambie kwamba sijakosea kuchagua chuma.

AFANDE MSTAAFU GILGIL
Sasa tunaongea.

Bastola hii hujipakia kwa nguvu ya risasi yenyewe. Slaidi inarudi nyuma, fremu inatakiwa ibaki pale pale. Kifundo kikilegea, fremu inarudi pamoja na slaidi, slaidi haimalizi safari yake, ganda halirushwi, linabanwa wima. Ni sawa na kugonga msumari kwenye ubao unaoning'inia. Fremu nyepesi inautegemea mkono zaidi. Fremu nzito ina uzito wake wa kuipinga slaidi, kwa hivyo hapo hujakosea, chuma huenda kikaacha kukwama. Lakini utakuwa umenyamazisha bastola, mkono ukiwa vile vile. Siku utakapoifyatua umelala chini, au kwa mkono mmoja, hiyo nzito nayo itakusaliti.

FIZIO WA MILIMANI, KISUMU
Kazi yangu ni kurudisha mikono ya watu wa bodaboda, kwa hivyo naomba mnisikilize kidogo. Mfupa kupona ni jambo moja, nguvu ya kifundo kurudi ni jambo lingine. Kubeba gunia hakupimi kitu: gunia linabebwa na mgongo na bega, na kifundo kimenyooka. Bastola inasukuma kifundo kwenda juu kwa ghafla, na misuli inayopinga hapo ni ile ya mkono kati ya kiwiko na kiganja, ambayo hulala miezi yote ya plasta na mara nyingi hakuna anayeiamsha.

Na uzito una pande mbili. Gramu 1,330 zinasaidia sekunde ile risasi inapotoka. Muda mwingine wote unazishikilia mbele ya uso, umenyoosha mikono, unahama kutoka shabaha moja hadi nyingine. Kifundo chenye skrubu kikichoka, kinalegea, na umerudi pale pale. Nenda kwa mtu wa mazoezi ya viungo apime nguvu ya mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto kwa kipimo, si kwa kuulizwa unajisikiaje.

MLENGAJI WA ELDORET
Dada amesema kweli. Mimi naongeza mambo mawili kuhusu Shadow 2 ambayo muuzaji hakukuambia.

La kwanza, kiunoni. Shadow 2 ilitengenezwa kwa mashindano. Haina kile kizuizi cha pini ya kugonga ambacho CZ 75 B inacho, na hiyo herufi B ndiyo inayokionyesha. Waliiondoa ili triga iwe laini. Uwanjani hilo halina shida, bastola iko tupu hadi mwamuzi akuruhusu kupakia. Lakini kwenda nayo Elburgon ikiwa na risasi chemba, ukashuka kwenye lori, ikaanguka kwenye mawe? Hapana. Kwa kubeba, futa kabisa wazo hilo.

La pili, kitengo cha Production kinataka bastola yenye nyundo ianze ikiwa nyundo imeshushwa kabisa. Shadow 2 haina wenzo wa kuishusha. Utashika nyundo kwa vidole, ubonyeze triga, uishushe polepole juu ya risasi hai, kila zoezi. Kidole gumba chako cha kulia kina nguvu gani? Usinijibu mimi. Jijibu ukiwa na bastola tupu, umehakikisha mara mbili.

MWANA WA BUNGOMA
Mulembe wote. Nimesoma uzi huu kutoka juu na naona mnamhurumia mtu asiyekuwepo. Someni ujumbe wa kwanza: "nikivuta nyundo vizuri kabla ya kuanza." Glock haina nyundo ya kuvuta! Ina pini ya ndani inayosukumwa na springi. Mtu anayeibeba Glock kila siku hawezi kuandika hivyo. Halafu "sina muda mwingi", halafu ajali inatokea ghafla, halafu Shadow 2 ya bei nzuri na zikiisha zimeisha. Huyu ni muuzaji. Baadaye atasema ameamua kuiacha, nani anaitaka kwa bei ile ile.

DALA WA DUNGA
Ai! Nyundo ilinipita kabisa. Mkulima, hebu sema.

MAMA WA KAKAMEGA
Kama ni uongo, basi kuna watu wamepoteza usiku wao kumwandikia kuhusu mkono wake. Hilo ni baya kuliko kuuza.

MSIMAMIZI WA JUKWAA
Ukumbusho: hakuna kununua wala kuuza silaha kwenye uzi wowote hapa, na hakuna kuweka namba ya leseni, ya bastola au ya simu. Mkulima, usitume picha ya hati yoyote kujitetea.

MKULIMA WA NJORO
Sina cha kuuza. Jumamosi ile nilipiga bastola mbili, Glock yangu na CZ 75 B ya rafiki yangu, mwamuzi akiwa kando yetu. Ile CZ ndiyo nilikuwa navuta nyundo yake. Niliandika usiku, nimechoka, nikazichanganya. Mwana wa Bungoma, kovu langu linaanzia kwenye kiganja hadi karibu nusu ya mkono. Siwezi kulituma, na hata nikilituma utasema nimelitoa kwenye intaneti.

MWANA WA BUNGOMA
Hilo la mwisho ni kweli. Bado siamini.

AFANDE MSTAAFU GILGIL
Mimi naamini, kwa sababu moja. Anayetunga ili auze chuma angesema Glock inakwama kwa kila mtu. Huyu ametaja mwenyewe kwamba kwa rafiki yake na kwa mke wa rafiki haikwami, na amelieleza ganda lilivyosimama. Hayo yanaiharibu hadithi ya muuzaji.

Lakini umepitisha jambo kubwa haraka sana, kijana. Uliipiga CZ 75 B siku hiyo hiyo, kwa mkono huo huo. Ilikwama?

MKULIMA WA NJORO
Haikukwama. Ila mkono uliuma usiku.

FIZIO WA MILIMANI, KISUMU
Hilo ndilo ulipaswa kuandika ujumbe wa kwanza. Kilo moja imekuuma, nawe umelipa amana ya kilo moja na robo na zaidi.

MKULIMA WA NJORO
Maumivu ya mazoezi ni kawaida dada, hata mguu huuma ukianza kukimbia. Na amana hairudi. Mnataka niitupe?

MLENGAJI WA ELDORET
Muulize muuzaji kama amana inaweza kuhamishiwa kitu kingine. Na kabla ya salio kumbuka leseni yako imetaja silaha gani. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haikuruhusu kujiongezea bastola ya pili kwa sababu umeilipia. Bodi ya Leseni za Silaha ndiyo inayosema, na mwisho wa mwezi wa muuzaji hauwahusu.

Wakati unangoja, jaribu hivi na Glock yako. Mkono wa kushoto ndio ukaze zaidi, ule mzima, vidole vyake vikiwa juu ya vile vya kulia na kifundo chake kikiwa kimefungwa kwenda mbele. Mkono wa kulia uwe juu kabisa kwenye mpini, usiache nafasi chini ya mkia wa fremu. Halafu weka risasi moja moja kwenye magazini. Kila ukifyatua, slaidi inatakiwa ibaki wazi nyuma. Ikijifunga, ujue mkono umelegea kwenye risasi hiyo. Angalia pia unatumia risasi gani. Zile dhaifu za bei rahisi ndizo za kwanza kukwama kwenye kifundo kilicholegea. IPSC inataka kipimo cha nguvu cha 125, yaani uzito wa risasi kwa grani mara kasi yake kwa futi kwa sekunde, ugawe kwa elfu moja. Risasi ya grani 124 inafika hapo ikikimbia kama futi 1,010, na risasi za kiwandani za kawaida hupita hapo.

DALA WA DUNGA
Na ukiishia CZ 75 B, mafuta kila jioni. Nakuru hamna ziwa kama letu lakini jasho ni jasho.

MKULIMA WA NJORO
Muuzaji amejibu. Anasema amana inaweza kukaa kwa jina langu na nichague kitu kingine, ila Shadow 2 atampa anayengoja. Inaniuma, sitaficha. Bado naona chuma ni changu. Jumanne nina miadi ya kupimwa mkono hapa mjini, mke wangu amesoma haya kwenye simu na miadi ameiweka yeye. Jumamosi nitafanya lile zoezi la risasi moja moja kwa Glock, halafu kwa ile CZ ya rafiki, naye akiwa kando.

AFANDE MSTAAFU GILGIL
Anza na Glock mkono ukiwa haujachoka. Andika kwenye karatasi kila risasi ambayo slaidi ilijifunga, na ni ya ngapi tangu uanze. Kama zote ziko mwishoni, mpelekee Fizio hiyo karatasi kabla ya kumpelekea muuzaji pesa.